Mashine Mpya, Vitenzi Vile Vile: Tathmini ya Istilahi za Kompyuta

Utangulizi

Kila mara kompyuta yenye nguvu zaidi inapotolewa katika nchi za viwanda, huku kwetu huja orodha ya maneno ya kutafutiwa Kiswahili. Waalimu huyataka kwa ajili ya madarasa, wafasiri kwa ajili ya vitabu vya maelekezo, na watumishi wa serikali kwa ajili ya nyaraka. Orodha hizo hufuatana na dai ambalo aghalabu halisemwi wazi, nalo ni hili: kwamba mashine ikibadilika, matumizi yake nayo yamebadilika, na kwa hiyo lugha haina budi kukimbia nyuma yake. Madhumuni ya makala haya ni kulipima dai hilo. Swali tunalojiuliza ni jepesi kulitamka: je, kuongezeka kwa nguvu za kompyuta kumebadilisha kweli namna tunavyozitumia? Tutalijibu kwa njia iliyo karibu na kazi yetu, yaani kwa kuyahoji maneno yenyewe.

Rai yetu tunaitaja mapema ili msomaji apate kuipima kila hatua. Majina ya mashine na ya sehemu zake hubadilika karibu kila mwaka, lakini vitenzi hubadilika mara chache sana. Na kitenzi ndicho shahidi wa matumizi. Anayehesabu majina atadhani kwamba ulimwengu umepinduka mara kumi. Anayehesabu vitenzi ataona kwamba umepinduka mara chache tu, na kwamba mapinduzi yaliyowagusa watu wengi zaidi katika nchi zetu hayakuletwa na mashine yenye nguvu hata kidogo.

Ukubwa wa nguvu na udogo wa mabadiliko

Hatukusudii kuyadharau maendeleo ya ufundi. Kichakataji cha kwanza kilichouzwa na kampuni ya Intel mwaka 1971, kiitwacho 4004, kilikuwa na transista 2,300 hivi. Kile cha kampuni ya Apple kiitwacho M1, kilichotoka mwaka 2020, kina transista bilioni 16. Kompyuta ya Macintosh iliyotolewa mwaka 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Kompyuta ya kawaida yenye gigabaiti 8 ina kumbukumbu iliyo kubwa mara 65,536 kuliko hiyo. Ni kama ghala lililokuwa likitia gunia moja la mchele, likapanuliwa mpaka likatia magunia 65,536. Mtu angetazamia kwamba mwenye ghala kama hilo hatafanya tena biashara ya gunia moja.

Na tumwendee basi huyo mwenye ghala tuone anafanya nini. Mwaka 1984 mwenye Macintosh aliandika barua na kuchora picha, akazihifadhi katika mafaili, mafaili akayatia katika majalada, na yale asiyoyataka akayatupa kapuni. Mrithi wake wa leo anafanya hayo hayo, kwa ishara zile zile, huku akisukuma kipanya kile kile. Hata herufi anazozigonga zimepangwa kama zilivyopangwa katika mashine ya taipu ya Sholes na Glidden, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874.

Tena, mengi ya matumizi tunayoyaita mapya yalikuwapo kabla ya nguvu hizo. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mkutano wa wataalamu mjini San Francisco, Douglas Engelbart na wenzake walionyesha hadharani kipanya, maandishi yenye viungo vya kumpeleka msomaji kutoka mahali hadi mahali, watu wawili walio mbali wakiurekebisha waraka mmoja kwa pamoja, na sura zao zikionekana katika kioo huku wakizungumza. Mtumishi anayehudhuria kikao kwa njia ya kompyuta leo anafanya jambo lililokwisha kuonekana zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Ni kweli kwamba wakati ule chombo hicho kilikuwa cha watu wachache na cha gharama kubwa, na kwamba nguvu za mashine zimeshusha bei na kuongeza idadi ya watumiaji. Lakini idadi ya watumiaji ni jambo moja, na aina ya matumizi ni jambo jingine, tukiyachanganya hatutafika.

Zimekwenda wapi basi nguvu hizo zote? Mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, alilishughulikia swali hilo katika makala yake ya mwaka 1995. Alieleza kwamba miaka ishirini na mitano hivi kabla ya hapo programu ya kuhariri maandishi iliweza kutosha katika baiti 8,000 tu, na kwamba zile za wakati wake zilihitaji mara mia zaidi kwa kazi ile ile. Programu, kwa maoni yake, huwa nzito upesi kuliko mashine inavyopata wepesi. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtunga programu aliyepewa kumbukumbu kubwa hakulazimika kutupa tembo lililo kali zaidi. Alilazimika kujaza kibuyu tu.

Ushahidi wa maneno

Tuje sasa kwenye maneno. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa mashine iitwayo Star, ambayo kioo chake kilipangwa kwa makusudi kama meza ya karani: palikuwa na karatasi, majalada, droo za kuwekea mafaili, na vikapu vya barua zinazoingia na zinazotoka. Waliounda mashine hiyo hawakubuni ofisi mpya. Waliichukua ofisi waliyoijua wakaiweka nyuma ya kioo. Mashine zilizofuata zimeurithi mpango huo.

Jambo hili lina maana kubwa kwetu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliposhughulikia programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi yao ilikuwa kubwa, lakini sehemu yake si ndogo ilikuwa imekwisha fanywa na makarani wa masijala. Faili, jalada, ukurasa, safu, jedwali, barua, saini, nakala: maneno hayo yalikuwa yanatumika katika ofisi zetu muda mrefu kabla ya kompyuta kufika mezani. Hata neno lahajedwali, ambalo huonekana kuwa geni, ni laha na jedwali zilizounganishwa, na vyote viwili vilijulikana na mtunza hesabu aliyetumia kalamu ya wino.

Sasa tuvitazame vitenzi. Kuandika, kuhesabu, kuchora, kunakili, kukata, kubandika, kufuta, kuhifadhi, kutafuta, kupeleka. Tukiulizwa ni kipi kati ya hivyo kimezaliwa na kompyuta, jibu ni kwamba hakuna. Mkasi na gundi vilikwisha kuwapo, na mtu aliyekata na kubandika karatasi aliijua kazi hiyo. Kinyume chake, tazama vitenzi vilivyokuja wakati kompyuta zilipounganishwa katika mtandao: kupakua na kupakia, ambavyo vilitoka bandarini na jikoni, kuvinjari, ambacho ni cha mabaharia, kubofya, ambacho ni cha mnunuzi anayelijaribu embe kwa vidole. Hapa lugha ilitikisika, kwa sababu hapa mtu alifanya jambo ambalo karani wa zamani hakulifanya. Lililomtikisa ni muungano wa mashine, wala si ukubwa wa mashine moja moja.

Kwa upande mwingine, mjadala uliotumia wino mwingi zaidi umekuwa juu ya jina la chombo chenyewe: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kwa heshima yote tunayowapa waliobuni maneno hayo, tunaona kwamba mjadala huo umeelemea mahali pasipo na mzigo. Kompyuta ni neno la kigeni ambalo, katika Kiingereza, lilikuwa jina la mtu anayepiga hesabu kabla halijawa jina la mashine. Tarakilishi linatukumbusha tarakimu. Ngamizi, kwa msikilizaji asiyeelezwa maana yake, huweza kuleta mawazo ya kuangamiza. Yote matatu hayamwambii mwanafunzi mashine hii inafanya kazi gani mbele yake. Watu wengi wamekwisha lichagua kompyuta, na wanalinyambulisha bila taabu. Ukiwa umma umekwisha amua, baraza la lugha halipungukiwi na kitu kwa kukubali.

Jedwali kubwa, kosa la zamani

Ili tusionekane kuwa tunabishania maneno matupu, tutoe mfano mmoja wa madhara. Programu ya kwanza ya lahajedwali katika kompyuta ndogo, VisiCalc ya Dan Bricklin na Bob Frankston, ilitolewa mwaka 1979, ikiwa na mistari 254 na safu 63. Programu ya Excel, tangu toleo lake la mwaka 2007, ina mistari 1,048,576. Nguvu zimeongezeka kweli kweli. Lakini kati ya tarehe 25 Septemba na tarehe 2 Oktoba 2020, habari za watu 15,841 waliogunduliwa kuwa na UVIKO-19 huko Uingereza ziliachwa nje ya hesabu za kila siku, kwa sababu zilikuwa zikipitishwa katika jedwali la muundo wa zamani usiozidi mistari 65,536. (Tarakimu hii ni ile ile tuliyoitaja juu kwa bahati tu, kwani zote mbili ni zao la 2 ikizidishwa yenyewe mara 16.) Mistari iliyozidi ilikatika, na kazi ya kuwatafuta waliokaribiana na wagonjwa ikachelewa.

Mashine zilizofanya kazi hiyo zilikuwa na nguvu zisizo na mfano katika enzi ya VisiCalc. Hata hivyo matumizi yalikuwa yale ya daftari la hesabu: jaza mstari, teremka, jaza mwingine, mpaka ukurasa uishe. Ukurasa uliisha, na hapakuwa na karani wa kusema kwamba umeisha. Huu ndio ugonjwa wa kuipa mazoea ya zamani mashine mpya: kosa la zamani hubaki, ila sasa hutendeka upesi na bila kuonekana.

Sisi wenyewe tuna historia ya kutosha katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Juhudi za kuzitia hesabu za serikali katika kompyuta hazikufanikiwa, hasara ikawa kubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wapo waliolicheka katazo hilo baadaye. Sisi tunaona kwamba ndani yake limo swali la haki ambalo kila ofisi inayonunua mashine kubwa zaidi ingefaa kujiuliza: mashine hii itabadilisha kazi gani, na kwa kitenzi gani? Ofisi ambayo barua yake huchapwa, hutolewa katika karatasi, hutiwa saini na kupigwa muhuri, kisha hupigwa picha ili ipelekwe kwa barua pepe, haijajibu swali hilo, hata ikiwa na kompyuta mpya kuliko zote mjini.

Simu dhaifu na vitenzi vipya

Tulisema kwamba mapinduzi yaliyowagusa watu wetu wengi zaidi hayakuletwa na mashine yenye nguvu. Tunakusudia utumaji wa fedha kwa simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Chombo chake kilikuwa simu ndogo ya vitufe, isiyo na kioo kipana wala kumbukumbu ya kutajika, ambayo mbele ya kompyuta ya mezani ya wakati ule ilikuwa kama mtumbwi mbele ya meli. Lakini mtumbwi huo ulifika ambako meli haikufika. Mama auzaye samaki Bagamoyo aliweza kumpelekea mwanawe aliyeko Kigoma karo ya shule kabla chai haijapoa.

Tazama lugha ilivyofuata. Hakuna baraza lililokaa kuyatunga maneno haya, lakini yalienea kote: kutuma, kuweka na kutoa vilipata maana mpya, kurusha, kilichokuwa cha jiwe na cha mpira, kikawa cha fedha, wakala, aliyekuwa mtu wa mikataba na sheria, akawa kijana mwenye kibanda cha pembezoni mwa barabara. Muamala, neno lililokuwa la wanazuoni na wafanya biashara, likaingia katika kinywa cha kila mtu. Na mwezi Julai 2021, Tanzania ilipoanza kutoza ada ya serikali juu ya miamala ya simu, neno tozo halikuhitaji kufafanuliwa na kamusi. Hata alama za vitufe zilipata majina ya Kiswahili: nyota, na reli, kwa sababu alama ile ya mistari iliyokingamana ilifanana na njia ya treni.

Msomaji na alinganishe. Kwa upande mmoja tunayo mashine yenye nguvu iliyozidishwa mara maelfu, ambayo vitenzi vyake ni vile vya karani. Kwa upande mwingine tunacho chombo dhaifu kilichoamsha vitenzi ndani ya miaka michache. Tofauti yao ni kwamba cha pili kiliunganisha watu wawili waliokuwa wametenganishwa na umbali, na kikawapa jambo la kutenda baina yao.

Hoja ya upinzani

Haki inatutaka tuisikilize hoja iliyo kali zaidi dhidi yetu. Watasema wengine: mbona sasa kuna mashine zinazojibu maswali, zinazofasiri na zinazotoa insha nzima? Je, hizo si matokeo ya nguvu? Tunakiri kwamba ndivyo. Njia ya kuzifundisha mashine hizo ilielezwa katika makala mashuhuri ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986, lakini kwa miaka mingi ilikosa mashine za kuibeba. Mwaka 2012 Krizhevsky, Sutskever na Hinton, wa Chuo Kikuu cha Toronto, walishinda shindano la kuzitambua picha kwa kutumia vichakataji viwili vya aina iliyoundwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Hapa elimu ilikuwa imesubiri nguvu, na nguvu zilipokuja matumizi mapya yakazaliwa. Basi si kweli kwamba nguvu hazibadilishi kitu kamwe. Tunachosema ni kwamba hubadilisha kwa nadra, na zikibadilisha, kitenzi ndicho hutoa habari.

Na kitenzi kimetoa habari. Zamani Kiswahili kilikuwa na mahali pazuri pa kuweka chombo: kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia, mashine ya kuhesabia. Mtu ndiye mtenda, chombo kipo kando yake. Sasa tunawasikia watu wakisema kwamba mashine imeandika barua, mashine imefasiri hotuba, mashine imetunga shairi. Chombo kimetoka kando kikakaa mwanzo wa sentensi. Ni badiliko kubwa kuliko jina lolote jipya, nalo linapita bila kujadiliwa, kwa kuwa tumerudia desturi yetu ya kugombea jina: wengine wanasema akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde.

Badiliko hilo si la kupuuzwa. Mfasiri akifasiri mkataba vibaya, anaulizwa. Mtumishi akiandika waraka wenye kosa, saini yake inamshika. Mwalimu akisahihisha insha, anajua nani wa kumsifu na nani wa kumkanya. Tukisema kwamba mashine imefasiri, na kosa likatokea katika cheti cha dawa au katika hati ya kiwanja, nani ataitwa ajibu? Kitenzi kinachompa mashine kazi ya mtu humwondolea mtu wajibu wake, na mara nyingi hilo hufanyika kabla hajajua.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu.

Kwanza, orodha za istilahi zinazoletwa kwetu zipangwe kwa vitenzi. Kabla ya kulitafutia Kiswahili jina la sehemu mpya ya mashine, iulizwe ni tendo gani jipya linalofanywa kwayo. Likiwa ni tendo la zamani, neno la zamani linatosha, na mwanafunzi ataokoka na mzigo wa maneno yatakayokufa kabla hajamaliza darasa.

Pili, wakusanyaji wa maneno waende vibandani, sokoni na vituo vya mabasi, si ofisini tu. Reli, kurusha na muamala vimetuonyesha kwamba umma huita jambo kwa jina lake mara unapolitenda. Kazi ya baraza hapo ni kusikiliza, kuandika na kusanifu.

Tatu, katika nyaraka rasmi vitenzi kufasiri, kutunga na kuandika viachwe kwa mtu anayeweza kuitwa akajibu. Mashine isemwe kuwa imetoa matini au imetoa tafsiri ya awali, na mtu aliyeipokea, akaisoma na kuikubali, ndiye aandikwe kuwa mfasiri au mwandishi. Wengine wataona kwamba huku ni kubana lugha. Sisi tunaona kwamba ni kulinda mpaka ambao sheria na elimu zinauhitaji.

Hitimisho

Tulianza na swali la kama nguvu za kompyuta zimebadilisha matumizi yake. Jibu letu ni kwamba kwa sehemu kubwa hazijabadilisha: tunaandika, tunahesabu na tunahifadhi kama karani wa zamani, ila kwa kioo kinachong'aa zaidi. Yaliyobadilika kweli yaliletwa kwanza na muungano wa mashine na wa watu, na hivi karibuni na mashine zinazotaka kukaa mahali pa mtenda. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wajibu wetu sisi tunaoshughulika na maneno ni kuutenga unyemi na kidonda, na kuwaambia wenzetu ni wapi kazi yao imebadilika na ni wapi ni jina tu lililobadilika. Wasomaji walio na vitenzi walivyovisikia katika ofisi, shule na masoko yao, hasa vinavyompa mashine kazi ya mtu, tunawaomba watuandikie, ili suala hili lisibaki mikononi mwa wachache.